Shamba la Mzee wa Gairo

Nitasema mapema ili nisisumbuliwe na maswali katikati: fumbo lile nililifumbua mwenyewe, kwa akili yangu na penseli yangu, na jibu lake ndilo lililonitoa shambani. Watu wa huku Mgeta wakisimulia jambo hili husema Gervas alidanganywa. Sikudanganywa. Aliyedanganywa ana wa kumlaumu, na mimi kila nikitafuta wa kumlaumu narudi kwenye karatasi yenye mwandiko wangu.

Tulikuwa watatu katika mchezo ule. Mimi, mkulima wa kabeji na karoti, niliyeishia kidato cha pili kwa sababu baba aliugua na nyumbani mkubwa nilikuwa mimi. Binamu yangu Anselmi, mtoto wa shangazi Filomena, aliyekuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja kule Kihonda, pembeni ya mji wa Morogoro. Na Mwaisha, mchuuzi wa mboga, ambaye kila Jumanne na Ijumaa alipanda na lori kuchukua mzigo wetu na kushuka nao hadi sokoni Morogoro mjini. Mwaisha ndiye aliyekuwa posta yetu. Fumbo liliandikwa kwenye kipande cha karatasi, likapachikwa kwenye kamba ya tenga la kabeji, likashuka. Jibu lilipanda na matenga matupu.

Sheria tulizichukua kwenye vitendawili vya utotoni. Ukishindwa, unatoa mji. Yaani unaandika, “Nimeshindwa, nakupa Tabora,” na mwenzako anajitapa na Tabora yake wiki nzima kabla ya kukupa jibu. Na anayetega lazima awe na jibu. Hiyo ndiyo sheria kubwa. Mtu hategi kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui, la sivyo si mchezo tena, ni kumtuma mwenzako kazi.

Kwa miaka sita nilikuwa nimetoa miji minne tu, na mmoja kati ya hiyo naubishia hadi leo. Mwaisha aliniletea hili: kapu lina mayai, ukiyatoa mawili mawili linabaki yai moja, ukiyatoa matatu matatu linabaki moja, manne manne linabaki moja, lakini ukiyatoa matano matano halibaki kitu. Mayai mangapi? Nikapata ishirini na tano, nikaandika kwa kujigamba. Ijumaa akarudi anacheka.

“Themanini na tano,” alisema.

Nikajaribu themanini na tano. Kweli inakubali. “Lakini na ishirini na tano inakubali!”

“Kaka Gervas, umewahi kuona mchuuzi akapanda lori hadi mjini na mayai ishirini na tano? Toa mji.”

Nilikataa. Shauri likapelekwa kwa Anselmi, naye akaamua upande wa Mwaisha, nikatoa Iringa kwa shingo upande. Nilinuna hata kanisani. Fumbo lisilosema kila kitu si fumbo, ni ulaghai, na niliwaambia hivyo wote wawili kwa maandishi. Nikiona jibu bovu, mimi silivumilii. Nikiliona kwenye daftari la mwanangu naliona, nikiliona kwenye ubao wa mizani ya mfanyabiashara naliona, na sipati raha mpaka nilisahihishe. Mke wangu Cecilia anasema huo ni ugonjwa, na kwamba hata wagonjwa wengine hujitahidi kuficha.

Sasa habari ya shamba. Kwetu Waluguru mtu ni wa mama yake. Ardhi ni ya ukoo, lukolo, na lukolo unafuata tumbo la mama. Shamba alilolima baba yangu lilikuwa la lukolo wake, kwa hiyo alipofariki halikuwa langu hata kidogo. Lilikuwa la watoto wa dada yake, yaani Anselmi na ndugu zake watatu. Hilo nililijua tangu nikiwa mdogo na sikulalamika. Zamani mambo haya yalikwenda taratibu. Wapwa walikuwa mjini na mishahara yao, mtoto wa marehemu akaendelea kulima, shangazi akaletewa kabeji na maharage yake, na hakuna aliyemfukuza mwenzake. Upande wa mama yangu nami nilikuwa na sehemu, kipande cha mawe huko juu karibu na msitu ambako hata mbuzi hupanda kwa kufikiri.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Malori ya watu binafsi yakaanza kupanda hadi kwetu, wafanyabiashara wa Dar es Salaam wakataka karoti na koliflawa, na shamba lenye mfereji wa maji likawa kitu cha kugombewa. Wakati huohuo huko chini viwanda vikaanza kupunguza watu. Anselmi alipata barua yake mwezi mmoja baada ya kumaliza matanga ya baba. Alikuwa na watoto watano kwenye chumba cha kupanga. Ndugu zake nao, mmoja kashapunguzwa, mwingine anasubiri kupunguzwa, Agustino yeye hajapata kazi ya kupunguzwa hata mara moja. Wote wanne wakaukumbuka mlima.

Lukolo ulikaa mara tatu kuligawa lile shamba. Mimi si wa lukolo ule, kwa hiyo sikuitwa. Nilichosikia ni kwamba hawaelewani: huyu anataka juu kwenye mfereji, yule anataka chini lori linaposimama. Shangazi Filomena alinipa maneno machache tu: “Mpaka watakapoelewana, wewe lima.” Nikalima. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru mimi nilikuwa na watoto wanne na kabeji elfu mbili ardhini. Kila msimu waliogombana ulikuwa msimu wetu wa kula. Nilikuwa nikimwomba Mungu wasielewane, na sioni aibu kusema.

Mafumbo yaliendelea. Mtoto wa shangazi ni mtani wako, na mtani hanuniwi. Anselmi alinitumia mafumbo ya treni na ya vyura kisimani, nikayamaliza kabla chai haijapoa.

Kisha, mwezi wa pili mwaka tisini na nne, Mwaisha akaniletea hili kutoka kwa Anselmi. Nalikumbuka neno kwa neno.

“Mzee mmoja wa Gairo ana shamba la karanga, tambarare, mraba kamili. Robo moja ya kona alimpa rafiki yake ajenge ghala. Kilichobaki anawagawia watoto wake wanne. Vipande vinne, ukubwa mmoja, umbo moja, kila kipande kizima kisikatwe mara mbili. Mtoto akiona cha mwenzake kina umbo tofauti na chake, ugomvi hauishi. Gawa.”

Chini Anselmi alikuwa amechora mraba uliolika kona.

“Hili sijalipenda,” alisema Mwaisha. Alikuwa amelisoma njiani, kama alivyosoma yote. “Limekaa kama kesi. Halina hata kichekesho.”

“Umelishindwa.”

“Nimelishindwa, lakini pia sijalipenda.”

Nilimwambia aangalie matenga yake. Lilionekana fumbo la dakika tano. Siku ya kwanza nilikata kwa mistari ya wima, vipande vikatoka vinne, sawa kwa ukubwa, lakini viwili virefu na viwili vinene. Siku ya pili nikakata kwa mshazari. Siku ya tatu nikamfokea mwanangu kwa kukohoa. Nilichora kwenye majivu, kwenye udongo wa njia, kwenye mgongo wa bahasha ya parokia. Cecilia aliepua ugali, akageuka kuchukua mboga, akarudi akakuta nimeukata ukawa mraba uliolika kona na ninaupima kwa mwiko.

“Gervas, watoto wanataka kula hilo shamba lako.”

“Wangoje kidogo.”

“Hawangoji.” Wakala, na sehemu niliyokuwa nakaribia kuielewa ikaliwa kwanza.

Wiki ya pili ikapita. Nikawa sipalilii vizuri, natembea naongea peke yangu. Kilichoniuma si ugumu, mafumbo magumu nimeyaona. Kilichoniuma ni kwamba kila nikikaribia, kipande cha nne kinakataa. Vitatu vinatoka vizuri, cha nne kimepinda. Nilimchukia yule mzee wa Gairo na watoto wake waliokosa adabu, wasioweza kupokea karanga bila kutazama umbo.

“Si utoe mji?” Mwaisha aliniambia Ijumaa ya tatu. “Nchi hii ina miji mingi.”

“Sitoi.”

“Mpe hata Kilosa, yaishe.”

“Mwaisha, sitoi hata kituo cha treni.”

Jibu lilikuja Jumatatu asubuhi nikiwa napalilia karoti, tena nimekasirika. Kosa langu lilikuwa kukata. Nikaacha kukata nikahesabu. Mraba uliokosa robo ni miraba mitatu. Kila mmoja ukiugawa mara nne, unapata miraba midogo kumi na miwili. Kumi na miwili kwa watu wanne, kila mtu mitatu. Na miraba mitatu ukiipanga kona, inatoa nini? Inatoa shamba lilelile, umbo lilelile, ila dogo. Kipande kimoja kinakaa katikati kimekumbatia ile kona iliyolika, na vitatu vinakizunguka. Nilipiga kelele, nikaruka, nikakanyaga karoti zangu mwenyewe.

Nililichora jibu kwa rula. Na kwa kuwa siwezi kuacha jambo nusu, nikaongeza ukurasa mzima wa jinsi ya kulipima shambani, vigingi vingapi na kila kigingi kikae wapi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Kwa nini mchezo wa karatasi uhitaji vigingi? Sikujiuliza. Nilikuwa nimelewa ushindi. Jumanne Mwaisha akashuka nalo.

Ijumaa Anselmi akajibu maneno mawili: “Umeshinda. Asante.” Hakuna utani, hakuna fumbo jipya. Nikakasirika. Wiki tatu za maisha yangu, na mtu ananipa asante kama nimempa kiberiti.

Jumapili, tulipotoka misa, nikaona watu wanne ndani ya shamba langu wamebeba vigingi. Anselmi alikuwa mbele, ameshika karatasi. Nilikuwa hatua ishirini hivi nilipotambua ule mwandiko.

Utauliza nilishindwaje kulitambua shamba nililolilima miaka kumi na moja. Shamba la mlimani hulijui kwa umbo, unalijua kwa magoti. Hapa ni pa kupumua, hapa ni pa kuteleza, hapa maji yanachelewa. Kwamba ukilitazama kutoka mbinguni ni mraba, na kwamba ile kona ya chini ambayo wazee wa lukolo waliipa misheni wajenge nyumba ya katekista ni robo kamili, hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Lilinipitia pale njiani, nikiwa na viatu vya kanisani.

“Mzee wa Gairo,” nilimwambia Anselmi.

Hakutazama chini, namsifu kwa hilo. “Mama alitoa sharti. Alisema haligawanywi mpaka vipatikane vipande vinne vinavyofanana hata kwa umbo, ndipo tupige kura. Tumehangaika mwaka mzima. Tumemleta hadi mwalimu wa hesabu wa sekondari, akasema haiwezekani.”

“Kwa hiyo jibu hukuwa nalo.”

“Sikuwa nalo.”

“Umetega bila jibu!” Nilipiga kelele hadi wanakwaya waliokuwa wakipita wakasimama. Ajabu ni kwamba hilo ndilo lililonitoka kwanza. Watoto wangu wanakwenda kukosa chakula, na mimi nalilia sheria ya mchezo.

“Ningekuambia ni shamba hili, ungelijibu?”

“Nisingelijibu!”

“Basi, binamu.” Sauti yake ilishuka. “Watoto wangu watano wanalala chini. Ningefanyaje?”

Ni rahisi kumchukia mwizi. Huyu alikuwa anachukua chake, kwa desturi ninayoifuata mimi mwenyewe, kwa ramani niliyomchorea mimi mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikavua viatu nikavitupa ukutani.

Jumatatu walianza kupima, nami nikakaa kwenye kizingiti na bakuli la uji kuangalia. Shangazi Filomena aliletewa kigoda akakaa kando ya mfereji. Mraba ule ni hatua mia na ishirini kila upande, kwa hiyo kila mraba mdogo ni hatua thelathini. Nilikuwa nimeandika “robo ya upande, kwa hatua.” Wakaamua kila mtu apime upande wake ili kusiwe na hila. Anselmi na mdogo wake wakaanzia chini wakipanda. Agustino na mwenzake wakaanzia juu wakishuka. Walipokutana katikati, vigingi havikukutana. Vya Anselmi vilikuwa huku chini, vya Agustino vimepitiliza, na kipande kimoja kilikuwa kinene kuliko vingine kwa upana wa matuta mawili.

“Umenipunja!” alisema Agustino.

“Nani kakupunja? Nimehesabu kwa sauti!”

“Hesabu zenyewe za Gervas ni za uongo. Kalifanya kusudi!”

Wakarudia. Walipata vilevile, maana walirudia kosa lilelile. Mtu akipanda mlima hatua zake ni fupi, akishuka ni ndefu. Thelathini za kupanda hazifiki popote, thelathini za kushuka zinakutupa mtoni. Mtoto yeyote wa huku alipaswa kulijua hilo, lakini hawa walikuwa wamekaa Kihonda miaka mingi, ardhi ya Kihonda imelala, na miguu yao ilikuwa imesahau.

Kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mgeta. Walisukumana. Agustino alikaa chini akasema hagawiwi shamba siku hiyo wala mwaka huo. Mdogo wao alianza kukusanya vigingi. Msimu mwingine huo, nilijiambia. Pengine miwili. Nilikunywa uji wangu.

Lakini nikasikia tena: “Hesabu za Gervas ni za uongo.” Na Anselmi, aliyepaswa kujua, hakumkanusha. Aliitazama ile karatasi yangu kwa mashaka, akaigeuza juu chini.

Nilianza kuwashwa.

“Kaa,” alisema Cecilia nyuma yangu. Hakuwa hata amenitazama.

“Nimekaa.”

“Endelea kukaa.”

“Wanasema hesabu yangu ni mbovu.”

“Waache waseme. Waseme mpaka mvua inyeshe. Gervas, hiyo hesabu mbovu ndiyo chakula cha watoto wako.”

Alikuwa na haki, nilijua ana haki. Nilihesabu pumzi. Nilitazama mbali, kwenye ukungu. Nilipogeuka nikakiona kile kigingi cha katikati, kimekaa upande, mahali ambapo hakuna mraba duniani ungekikubali, na watu wanne wanakionyesha kidole wakitaja jina langu. Niliinuka nikaenda kuchukua kamba ya kufungia mizigo.

“Akili nyingi huondoa maarifa,” alisema Cecilia, akaingia ndani akafunga mlango.

Nilishuka shambani bila kumsalimu mtu. Niliipima kamba, nikaifunga fundo kila hatua thelathini, nikampa Anselmi ncha moja na Agustino nyingine. “Vuteni sawa, mshike juu, isilale kwenye udongo. Si miguu. Kamba haichoki kupanda.” Waliduwaa, kisha wakavuta. Nilitembea nao tangu asubuhi ile hadi saa tisa alasiri, juu chini, juu chini, nikipigilia vigingi kwa nyundo yangu katikati ya kabeji zangu. Nilikuwa na hasira na kila kigingi, na kila kigingi nilikipiga kikanyooka. Cha mwisho kilipoingia, fundo la kamba likakaa juu yake sawasawa bila kuzidi hata kidole. Wanne wakatazama. Agustino alizunguka mara mbili akitafuta kasoro, akakosa. Wakapeana mikono. Anselmi aliniita binamu, sikuitika. Wakaondoka kwenda kuandaa kura.

Nilikwenda kwenye mfereji kunawa. Shangazi Filomena alikuwa bado kwenye kigoda chake, hajainuka siku nzima.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Vinafanana?”

“Vinafanana. Hata kwa umbo.”

Aliyatazama maji. “Lile sharti nililitoa mimi,” alisema. “Unajua nililitoa kwa nini?”

“Ili wasigombane.”

“Ili wagombane.” Alisema polepole, kama anamfundisha mtoto sala. “Nilitaka kitu kisichowezekana. Nililitazama shamba hili lilivyolika kona, nikasema, vipande vinne vya umbo moja hawatavipata mpaka mimi nife. Na mimi nikiwa hai, mtoto wa kaka yangu analima. Hata yule mwalimu waliyemleta alipowaambia haiwezekani, nilikwenda kanisani nikawasha mshumaa.”

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji. Niliisahau humo.

“Na leo wakaanza kupima kwa miguu,” aliendelea. “Miaka sabini napanda na kushuka mlima huu, Gervas. Unadhani sikuona? Niliona kabla yako. Nikanyamaza. Nikasema, hawa watagombana hadi Pasaka.”

“Shangazi, ungeniambia!”

“Wewe si wa lukolo ule. Ningekuambia kwa kikao gani?” Aliegemea fimbo, akainuka taratibu, akanitazama kwa macho ya baba yangu. “Na sasa utalima wapi, mwanangu?”

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.